Kasi ya Kusoma Mbele ya Saa ya Mtihani: Tupime Macho Kabla ya Kulaumu Akili

Msichana wa kidato cha nne aliletwa na mama yake mdogo katika kliniki ya macho tuliyoiendesha kwa siku chache wilayani Nachingwea. Aliyeanza kusema ni mama mdogo. "Daktari, huyu mtoto wa dada yangu haumwi kitu. Tatizo lake ni uzito. Wenzake wanakusanya karatasi, yeye bado yuko katikati ya maswali." Msichana aliinamisha kichwa, kama mtu aliyekwisha kuizoea hukumu hiyo.

Nilimsimamisha mita sita kutoka kwenye kadi ya kupimia uoni. Aliisoma yote hadi mstari wa chini kabisa bila kosa. Kwa kadi hiyo peke yake ningeweza kumrudisha nyumbani na kumhakikishia mama mdogo kwamba macho ni mazima. Badala yake nilimwomba afungue kitabu chake cha Baiolojia na asome ukurasa mmoja kimyakimya. Mistari ya mwanzo ilikwenda vizuri. Katika mstari wa kumi alianza kupepesa. Alipofika nusu ya ukurasa alikuwa akifuata maneno kwa kidole na kuurudia mstari aliokwisha kuusoma.

"Kichwa kinakuuma?" nilimuuliza.

"Kinauma jioni, nikishasoma. Jumapili hakiumi."

Jibu hilo lilikuwa na thamani kuliko kadi ya ukutani. Kichwa kinachopumzika siku ambayo vitabu vimefungwa kinatuambia pa kutazama. Tulimtia matone ya kulegeza misuli ya kulenga iliyo ndani ya jicho, tukapima upya, na tukakuta upungufu mkubwa wa uoni wa karibu ambao misuli yake michanga ilikuwa ikiuficha kwa kufanya kazi ya ziada kutwa nzima.

Wiki hiyohiyo, tulipokwenda Ruangwa, nilikutana na wengine wawili wenye malalamiko yaleyale. Mmoja alikuwa muuguzi wa zahanati, mwanamke wa miaka 46, aliyekuwa akijiendeleza kutoka astashahada kwenda stashahada na aliyeshindwa mitihani miwili kwa kutomaliza maswali. Mwingine alikuwa mvulana wa kidato cha pili ambaye macho yake, baada ya vipimo vyote, yalikuwa mazima kabisa. Watu watatu, kilio kimoja: muda hautoshi. Sababu zilikuwa tatu tofauti, na kila sababu ilidai tiba yake.

Hilo ndilo ninalotaka kulieleza katika makala haya. Kasi ya kusoma haiongezeki kwa kumhimiza msomaji akimbie. Huongezeka pale kinachomchelewesha kinapotambuliwa na kuondolewa, tena kwa mpangilio: macho kwanza, maneno na lugha pili, saa mwisho. Watu wa Nachingwea wanayo historia inayolifafanua jambo hili. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha Mpango wa Karanga katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yaliletwa, reli ikajengwa kutoka Mtwara, lakini mvua na udongo havikuwa vimepimwa vya kutosha. Kufikia 1951 mpango ulikuwa umeachwa. Haraka ilitangulia kipimo. Mzazi anayempigia mtoto saa mezani kila jioni kabla hajajua kama anaona vizuri anarudia kosa hilo kwa kiwango kidogo.

Jicho linavyosoma

Wengi hudhani kwamba jicho huteleza juu ya mstari kama kalamu inavyoteleza juu ya karatasi. Sivyo. Tangu mwaka 1879, daktari wa macho wa Ufaransa, Louis Émile Javal, alieleza kwamba jicho linaposoma huruka na kutua, huruka na kutua. Wakati wa kuruka halisomi kitu. Husoma linapotua, na kila kituo huchukua wastani wa robo ya sekunde. Sehemu ya retina inayoona herufi kwa ukali ni ndogo sana, hivyo kila kituo huleta herufi chache tu zilizo wazi. Baada ya vituo kadhaa msomaji hurudi nyuma kidogo kuhakikisha jambo. Hata msomaji hodari hufanya hivyo, takribani mara moja katika kila miruko kumi au pungufu kidogo ya hapo.

Kutokana na maumbile hayo tunapata mambo mawili. La kwanza, kasi ya kusoma ina mpaka. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 yamekuwapo mafunzo, hasa Marekani, yanayoahidi kumfanya mtu asome maelfu ya maneno kwa dakika moja. Mwaka 2016 kundi la wanasaikolojia wakiongozwa na Keith Rayner lilipitia ushahidi uliokuwapo na kuhitimisha kwamba anayevuka mpaka huo hulipa kwa kupoteza uelewa. Anayepitisha macho juu ya ukurasa kwa haraka anadonoa maneno tu. La pili, kinachomtofautisha msomaji mwepesi na mzito si misuli inayolizungusha jicho. Ni muda ambao ubongo unauhitaji kulitambua neno lililo mbele yake. Neno linalofahamika huachiliwa mara moja. Neno geni, au neno lenye ukungu, hulishikilia jicho na kulirudisha nyuma.

Tahadhari moja kuhusu hesabu. Vitabu vya kigeni hutaja idadi ya maneno ambayo mtu mzima "anapaswa" kusoma kwa dakika, na wasomaji wetu hujipima kwa idadi hizo wakakata tamaa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012, uliolinganisha usomaji wa watu wazima katika lugha 17, ulipata wastani wa maneno 228 kwa dakika katika Kiingereza, 161 katika Kifini na 138 katika Kiarabu. Wafini na Waarabu si wazito. Maneno ya lugha zao hubeba mzigo mkubwa zaidi. Kiswahili nacho ni hivyo. Neno moja kama "hatutawasubiri" limebeba ukanushi, mtenda, wakati ujao, mtendwa na kitendo. Lugha nyingine zingetumia maneno matano au sita. Kwa hiyo jilinganishe na nafsi yako ya mwezi uliopita, katika lugha ileile.

Kizuizi cha kwanza: macho

Kadi ya ukutani hupima uoni wa mbali. Kusoma ni kazi ya karibu, takribani sentimita 40 kutoka usoni. Ndiyo maana mtoto anaweza kufaulu kipimo cha shule na bado akateseka na kitabu. Kwa ufupi, upungufu unaowachelewesha wasomaji ni huu.

Wasioona mbali vizuri husoma kitabu bila shida, lakini huchelewa kunakili kutoka ubaoni na hivyo kukosa madaftari kamili ya kujisomea. Wenye upungufu wa uoni wa karibu, kama yule msichana, huanza vizuri na kuchoka baada ya dakika chache. Maandishi huingia ukungu, kichwa huuma kwenye paji la uso, na kitabu husogezwa mbali. Wapo ambao jicho lao lina mkunjo usio sawa, hivyo baadhi ya mistari ya herufi huonekana hafifu wakati wote. Wapo pia ambao macho yao mawili hayakutani vizuri yanapotazama karibu, nao husema kwamba maneno "yanacheza" au yanakuwa mawili.

Kisha lipo tatizo la umri. Kuanzia miaka 40 hivi lenzi iliyo ndani ya jicho hupoteza ulaini wake, na uwezo wa kulenga karibu hupungua kwa kila mtu bila ubaguzi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 kutoka Kongwa, mkoani Dodoma, ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watu wenye umri wa miaka 40 na kuendelea walikuwa na upungufu huu, na wengi mno hawakuwa na miwani. Mimi mwenyewe niligundua wangu siku niliyoanza kusogeza fomu za wagonjwa hadi mkono ukaishia.

Tiba ya sehemu kubwa ya matatizo haya ni miwani sahihi, lakini kuandikiwa miwani si sawa na kuivaa. Utafiti uliofanywa katika shule za sekondari za Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2008 uliwagawa wanafunzi wenye upungufu wa uoni: baadhi walipewa miwani bure, wengine walipewa cheti cha kwenda kununua. Baada ya miezi mitatu, waliokuwa wameivaa au wanayo shuleni walikuwa asilimia 47 katika kundi la kwanza na asilimia 26 katika kundi la pili. Bei ni kikwazo, ila hata kilipoondolewa zaidi ya nusu hawakuwa na miwani yao shuleni. Aibu ya kuitwa "macho manne", na imani kwamba miwani huharibu macho, vinatugharimu. Miwani iliyopimwa vizuri haimharibu mtoto macho.

Kwa familia za Nachingwea na Ruangwa nina ushauri unaohusu kalenda. Mtihani wa kidato cha nne huja Novemba, katikati ya msimu wa korosho, wakati nyumba nzima iko shambani na fedha bado haijaingia. Msimu wa ufuta huja mapema zaidi, katikati ya mwaka. Basi fedha ya ufuta ndiyo inunue miwani, ili mtoto apate miezi kadhaa ya kuizoea kabla ya kuingia chumba cha mtihani. Miwani inayopatikana wiki ya mtihani huleta kizunguzungu badala ya msaada.

Kizuizi cha pili: maneno na lugha

Yule mvulana wa Ruangwa hakuhitaji miwani. Nilipomwomba asome kwa sauti habari fupi ya Kiswahili, alisoma polepole lakini bila kusita. Nilipompa aya ya kitabu chake cha Jiografia, ambacho kama vitabu vingine vya sekondari kimeandikwa kwa Kiingereza, alianza kuunga silabi moja baada ya nyingine. Alipomaliza nilimuuliza aya ilihusu nini. "Sijui, Daktari. Nilikuwa nasoma tu."

Jibu hilo halina ujinga ndani yake. Ubongo una uwezo wenye kikomo wa kushika mambo kwa wakati mmoja. Nguvu yote ikitumika kuyatambua maneno, haibaki ya kuelewa. Mtoto huyu huzungumza Kimwera na bibi yake, alisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na kidato cha kwanza alikutana na masomo karibu yote kwa lugha ya tatu. Wenzake wengi wa Kiyao, Kimakua na Kimakonde wamepita njia hiyohiyo.

Tatizo huanza mapema kuliko sekondari. Upimaji wa kitaifa wa stadi za kusoma uliofanyika mwaka 2013 ulionyesha kwamba wanafunzi wa darasa la pili walisoma wastani wa takribani maneno 18 ya Kiswahili kwa dakika, wakati lengo lililopendekezwa lilikuwa maneno 50. Mwaka 2015 ukaja mtaala wa darasa la kwanza na la pili uliojikita katika kusoma, kuandika na kuhesabu. Hata hivyo, waliokuwa darasa la pili mwaka 2013 leo ni watu wazima, na baadhi yao wamo katika vyuo vyetu vya afya. Mwalimu wa chuo anayekutana na mwanafunzi asiyemaliza mtihani akumbuke kwamba pengine ufasaha wa kusoma haukuwahi kukomaa, na kwamba unaweza kukomazwa hata sasa.

Wapo wachache ambao ugumu wao ni wa namna nyingine: disleksia. Huyu ni mtoto mwenye akili timamu, anayeeleza mambo vizuri kwa mdomo, lakini kuunganisha herufi na sauti humpa taabu isiyoendana na uwezo wake mwingine. Mara nyingi wapo ndugu wenye taabu hiyo pia. Huhitaji kufundishwa kusoma kwa hatua ndogo zilizopangwa, na huhitaji muda. Miwani ya rangi na mazoezi ya macho yanayouzwa kwa jina la kutibu disleksia hayana ushahidi unaotosha, na sipendi kuona mzazi akiuza korosho kwa ajili yake.

Hapa nieleze pia mpaka wa fani yangu. Mwaka 2019 majaribio ya kitabibu ya Marekani yaliwahusu watoto wa miaka 9 hadi 14 ambao macho yao hayakutani vizuri kwa karibu. Watoto waliopewa tiba halisi hawakuongeza uelewa wa kusoma kuliko wenzao waliopewa tiba ya kulinganishia. Daktari wa macho hufungua mlango. Kuingia na kutembea ndani ya nyumba ni kazi ya msomaji na mwalimu wake.

Kipimo cha nyumbani

Kabla ya kuanza mazoezi, pima. Chagua habari ambayo hujapata kuisoma, yenye maneno 200 hadi 300, na uhesabu maneno yake. Mwombe mtu aandike maswali matano kuhusu habari hiyo. Soma kimya kwa mwendo wako wa kawaida huku mwenzako akitazama saa. Zidisha idadi ya maneno kwa 60, kisha gawanya kwa sekunde ulizotumia. Maneno 240 kwa sekunde 160 ni maneno 90 kwa dakika. Funga karatasi, jibu maswali. Usipopata angalau manne kati ya matano, kasi hiyo haihesabiki.

Fanya kipimo hicho kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza, kisha urudie baada ya dakika 20 za kusoma mfululizo. Matokeo yatakuelekeza. Ukianza vizuri na kasi ikaporomoka baada ya dakika 20, pamoja na maumivu ya kichwa au ukungu, nenda ukapimwe macho. Kiswahili kikienda vizuri na Kiingereza kikakwama, kazi iko kwenye lugha. Lugha zote mbili zikiwa nzito tangu mstari wa kwanza, anza na ufasaha wa kutambua maneno, ila pima macho pia, maana vizuizi viwili vinaweza kukaa kwa mtu mmoja. Kipimo hiki ni cha kuelekeza tu. Hakichukui nafasi ya uchunguzi wa kitaalamu.

Mazoezi ya dakika 20

Baada ya macho kupimwa, ninapendekeza dakika 20 kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa wiki nane. Zigawe hivi.

Dakika kumi za kwanza ni za kusoma kwa kurudia. Mbinu hii ilielezwa na S. Jay Samuels mwaka 1979, na ni rahisi: chukua kifungu kifupi, maneno 100 hadi 200, kisome kwa sauti mara tatu au nne hadi kiwe laini kinywani, kisha uhamie kingine. Anayesikiliza si lazima awe mwalimu. Bibi asiyejua kusoma hutambua mara moja pale mjukuu anaposoma kama anayesema na pale anaposoma kama anayepanda ngazi.

Dakika kumi za pili ni za kusoma kimya kwa saa, tena maandishi mepesi kuliko ya mtihani, ambayo karibu maneno yake yote unayafahamu. Wanafunzi wengi hufanya kinyume: hujifunza kasi kwa kitabu kigumu kabisa, na huko hujifunza kukwama. Andika kasi yako na alama za maswali matano katika daftari. Usijiwekee lengo jipya mpaka upate manne kati ya matano kwa siku tatu mfululizo.

Wanaokosa vitabu watumie vipeperushi vya afya vilivyo katika zahanati zetu. Nchi hii ina mfano wake. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vilivyosikiliza redio, vikasoma vijitabu na kujadiliana kuhusu malaria, vyoo na maji safi. Mtoto anayewasomea wazazi wake kipeperushi cha malaria kwa sauti anajenga ufasaha wake na wakati huohuo anaifundisha nyumba.

Mwanga nao ni sehemu ya zoezi. Koroboi iliyowekwa mbele ya macho humulika macho na kuacha kitabu gizani. Weka taa pembeni, upande wa mkono usioandikia, na soma mengi uwezavyo kabla jua halijazama.

Ndani ya chumba cha mtihani

Sasa saa inaweza kuingia. Tuchukulie karatasi ya saa tatu, yaani dakika 180, yenye maneno 1,500 kuanzia maelekezo hadi swali la mwisho. Anayesoma maneno 50 kwa dakika atatumia dakika 30 kuisoma mara moja. Akilazimika kuisoma yote mara mbili kwa sababu mara ya kwanza hakuelewa, dakika 60 zimekwenda, theluthi ya muda wote, na hajaandika neno. Anayesoma maneno 100 kwa uelewa uleule atatumia nusu ya hapo. Muda anaoupata si wa kuandika haraka. Ni wa kufikiri.

Panga muda kwa alama. Tenga dakika kumi za kupitia karatasi na dakika 20 za kuhakiki. Zinabaki 150. Kama karatasi ina alama 100, kila alama ina dakika moja na nusu, na swali la alama kumi halistahili zaidi ya dakika 15. Muda wa swali ukiisha, acha nafasi, nenda mbele, utarudi. Katika kila swali tafuta kwanza neno linaloamuru: je, unatakiwa kutaja, kueleza, kulinganisha au kutofautisha? Kwenye kifungu cha ufahamu, soma maswali kabla ya kifungu, ili jicho lijue linatafuta nini. Na katika swali la kuchagua jibu, soma machaguo yote hadi mwisho. Neno dogo la kukanusha limewaangusha wengi waliokuwa na haraka.

Mwenye uoni hafifu usiorekebishika kwa miwani asilazimishwe kukimbia sawa na wengine. Baraza la Mitihani la Tanzania lina utaratibu kwa watahiniwa wenye ulemavu wa macho, ukiwamo muda wa nyongeza, maandishi makubwa na nukta nundu. Mkuu wa shule huhitaji taarifa ya daktari mapema, wakati wa usajili. Mwezi wa mtihani ni kuchelewa.

Kwa mhudumu wa afya

Mwanafunzi akifika zahanati kwa maumivu ya kichwa yanayojirudia, pima malaria, ndiyo, lakini muulize pia maswali matatu. Kichwa huuma ukiwa na vitabu au hata siku ya mapumziko? Maandishi huingia ukungu au kuwa mawili baada ya muda? Ubaoni unanakili sawa na wenzako? Jibu likielekea kwenye macho, mpe rufaa kwa kitengo cha macho cha hospitali ya wilaya, na ikibidi hadi hospitali ya mkoa, Sokoine mjini Lindi au Ligula mjini Mtwara. Usimpe dawa za maumivu mwezi baada ya mwezi.

Dalili hizi hazisubiri: mboni yenye weupe kwa mtoto, kengeza linaloanza ghafla, jicho jekundu lenye maumivu na uoni unaoshuka, kupoteza uoni ghafla, au maumivu ya kichwa yanayoambatana na kutapika asubuhi. Mpeleke siku hiyohiyo.

Na sisi wenyewe tujipime. Yule muuguzi wa Ruangwa alipojaribu lenzi za kusomea za nguvu ya +1.75, alinyamaza kwa muda. Kisha akachukua kutoka mfukoni kichupa kidogo cha dawa alichokuwa nacho, akakisogeza kwenye mwanga na kukisoma.

"Daktari," akasema, "mwaka wa pili huu namwomba binti wa zamu anisomee hivi. Usiku ninapokuwa peke yangu, nabahatisha."

Alikuja kwa ajili ya mtihani. Aliyekuwa hatarini zaidi ni mgonjwa wake. Kila mhudumu mwenye miaka 40 na zaidi anayesoma lebo za dawa, mistari ya bomba la sindano na rejesta za MTUHA anapaswa kupimwa uoni wa karibu, awe anajiendeleza kimasomo au la. Kipimo chenyewe huchukua dakika chache.

Nilipata habari za wale watatu baadaye. Muuguzi aliurudia mtihani mmoja na kuumaliza ndani ya muda. Wa pili bado anausubiri. Mvulana, aliyekuwa akisoma maneno 41 ya Kiingereza kwa dakika, baada ya muhula mmoja wa kusoma kwa kurudia alifika 63. Bado ni pole, lakini sasa akiulizwa aya inahusu nini, anajibu. Msichana wa Nachingwea alimaliza maswali yote ya mtihani wa majaribio kwa mara ya kwanza. Alama zake zilipanda kidogo tu, kwa kuwa miwani haifundishi Baiolojia. Sasa anayo nafasi ya kujifunza yaliyompita. Mama yake mdogo alinitumia ujumbe mfupi. Hakuzungumzia alama. Alisema mtoto hasemi tena kwamba kichwa kinauma, na kwamba nyumbani neno "mzito" wameliacha.